Kwa nini Jim hakuvuka mto?

Leo naomba tuzungumze kuhusu mto mmoja na mtu mmoja. Mto ni Mississippi, kule Marekani. Mtu ni Jim, mtumwa ambaye hajapata kuishi popote isipokuwa ndani ya kitabu. Najua baadhi yenu mtauliza hadithi ya kubuni ina uhusiano gani na historia. Vumilieni kidogo, tutafika.

Kitabu chenyewe ni Adventures of Huckleberry Finn cha Mark Twain. Kilitoka Uingereza na Kanada Desemba 1884, na Marekani kwenyewe Februari 1885. Kwa ambaye hajakisoma, kisa ni hiki. Huck ni kijana wa Kizungu, mtoto wa mlevi anayempiga na kumfungia kwenye kibanda msituni. Anatoroka kwa ujanja, anaacha dalili kwamba ameuawa, kisha anajificha kwenye kisiwa katikati ya mto. Huko anamkuta Jim, mtumwa wa mama mmoja aitwaye Miss Watson. Jim naye ametoroka, kwa sababu amesikia anataka kuuzwa kusini. Wawili hao wanapanda chelezo cha mbao na kuteremka na mto usiku kwa usiku, mchana wanajificha. Wanakutana na matapeli, koo zinazouana kwa visasi, na kila aina ya vituko. Ndiyo maana kitabu hiki huwekwa kwenye fungu la vitabu vya safari na vituko vya vijana, na kwa kweli kinachekesha sana.

Nilikisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwenye somo la fasihi ambalo sisi wa uandishi wa habari tulitakiwa kulichukua tutake tusitake. Nakala zilikuwa mbili tu maktaba, hivyo wengi wetu tulisoma fotokopi zilizofifia. Siku ya majadiliano mwenzetu mmoja aliyezoea kukaa nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa ameangalia ramani. Akasema: jamani, Missouri, jimbo la utumwa, liko upande huu wa mto. Illinois, jimbo huru, liko upande wa pili, pale pale. Kisiwa chenyewe kiko jirani na ufuko wa Illinois. Sasa kwa nini huyu Jim asivuke tu mto akawa huru, badala ya kuteremka mamia ya maili kuelekea kusini, huko huko kwenye utumwa mkali zaidi?

Darasa likacheka. Mmoja akajibu kwamba angevuka, kitabu kingeishia ukurasa wa sitini. Mwalimu naye akacheka, tukaendelea na mada ya kejeli katika fasihi.

Mimi swali lile liliniganda. Nimelifuatilia kwa miaka, kwa vitabu vya historia vya kuazima na kwa kusoma usiku, na leo nataka kuwaambieni nilichokikuta. Kwa kifupi, ramani ilikuwa sahihi, lakini mpaka wa uhuru haukupita kwenye maji. Ulipita kwenye karatasi na kwenye fedha. Ukilijua hilo, kitabu kizima kinabadilika mikononi mwako.

Tuanze na majimbo yenyewe. Missouri liliingizwa kwenye muungano wa Marekani mwaka 1821 likiwa jimbo linaloruhusu utumwa, baada ya mapatano ya kisiasa ya mwaka 1820. Kufikia 1840 lilikuwa na watumwa takriban 58,000, na kufikia 1860 karibu 115,000. Mark Twain, ambaye jina lake halisi ni Samuel Clemens, alizaliwa humo mwaka 1835 na kukulia mji wa Hannibal, ukingoni mwa Mississippi. Mji wa kwenye kitabu, St. Petersburg, ni Hannibal aliyoibadilisha jina. Hadithi imewekwa kama miaka arobaini au hamsini kabla ya kuchapishwa kwake, yaani kati ya 1835 na 1845 hivi.

Illinois lilijiunga mwaka 1818 kama jimbo huru. Lakini huru kwa nani? Katiba yake ya kwanza ilikataza kuingiza watumwa wapya, ila iliwaacha walivyo waliokuwemo tayari, na ikaruhusu mikataba ya utumishi ya miaka mingi ambayo tofauti yake na utumwa ilikuwa jina tu. Kwenye machimbo ya chumvi karibu na Shawneetown watumwa waliruhusiwa kisheria kufanya kazi hadi 1825. Utumwa ulikuja kupigwa marufuku moja kwa moja na katiba mpya ya 1848.

Halafu kulikuwa na sheria zilizoitwa Sheria za Weusi. Kwa sheria ya 1819, mtu mweusi aliyeonekana Illinois bila cheti cha kuthibitisha uhuru wake alihesabiwa kuwa mtumwa mtoro. Alikamatwa, akatangazwa, na asipojitokeza mwenyewe, serikali ya mahali ilimkodisha afanyie watu kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Sheria ya 1829 ikaongeza kwamba mweusi huru anayetaka kuhamia Illinois aweke dhamana ya dola 1,000. Mwaka 1841 mahakama ya juu ya jimbo hilo, katika kesi ambayo wakili mmojawapo alikuwa kijana aitwaye Abraham Lincoln, ilisema kila mtu Illinois achukuliwe kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uamuzi mzuri, lakini sheria zile zilibaki vitabuni. Mwaka 1853 zikakazwa zaidi: mweusi kuingia Illinois akae lilikuwa kosa lenyewe. Zilifutwa Februari 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikikaribia kwisha.

Sasa mchukue Jim umweke ng'ambo. Hana cheti, hana dola 1,000, na mavazi yake yanamtangaza. Juu ya hayo, kwenye kitabu kuna zawadi ya dola 300 kwa atakayemkamata, kwa sababu watu wanadhani ndiye aliyemuua Huck. Mwanamke mmoja ameona moshi kisiwani na mumewe anajiandaa kwenda kuwinda usiku ule ule. Zawadi ile haikuishia ukingoni mwa maji. Mkulima wa Illinois angeipokea kama mkulima wa Missouri. Katiba ya nchi yenyewe ilisema mtu anayetoroka utumishi katika jimbo moja hapati uhuru kwa kuingia jingine, bali arudishwe kwa anayemdai, na sheria ya 1793 ikaeleza namna ya kumrudisha. Zaidi ya hapo walikuwepo watu waliofanya biashara ya kuteka weusi, hata waliokuwa huru kweli, na kuwauza kusini.

Na Twain alilijua hili. Msomaji makini atakumbuka Jim anavyoeleza mpango wake wa kwanza. Alitaka kushikilia chelezo kinachopita, kimpeleke kama maili 25 chini, kisha aogelee alfajiri hadi upande wa Illinois aingie msituni. Msituni, siyo mjini! Kwa hiyo Jim aliiona Illinois kabla ya yule mwenzetu wa darasani. Aliiona kama mahali pa kujificha, basi. Mpango ulipoharibika, na wawindaji walipokaribia kisiwa, yeye na Huck wakapanga kwenda hadi Cairo, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Illinois, mahali Mto Ohio unapoingia Mississippi. Pale wangeuza chelezo, wapande meli ya mvuke ya kupanda Ohio, waende mbali, kwenye majimbo huru ya ndani zaidi. Mwenye ramani anaona kichekesho. Mwenye sheria mkononi anaona mtu anayefikiri sawasawa.

Nisionekane naongea nadharia tu. Eneo lile lile, miaka ile ile, lina visa vya kweli, na vingine vinagusa familia ya mwandishi.

Mwaka 1841 wanaume watatu wapinga utumwa kutoka upande wa Quincy, Illinois, walivuka mto kuingia Missouri ili kuwasaidia watumwa kutoroka. Majina yao ni George Thompson, James Burr na Alanson Work. Walikamatwa, wakashtakiwa katika mji wa Palmyra, jirani na Hannibal, na kuhukumiwa kifungo cha miaka 12. Mmoja wa wazee wa baraza lililowatia hatiani alikuwa John Marshall Clemens, baba mzazi wa Mark Twain. Sam alikuwa na miaka mitano tu.

Mwaka uliofuata, 1842, mtumwa aitwaye Charley aliogelea Mississippi kutoka Missouri hadi Quincy. Yaani alifanya kile kile tulichokuwa tunamshauri Jim afanye. Daktari mmoja, Richard Eells, akampokea na kumpakia kwenye gari lake la farasi ampeleke mahali salama. Wawindaji wakawafuata. Charley alikamatwa na kurudishwa. Daktari akashtakiwa, siyo Missouri, bali Illinois, kwa sheria za Illinois, na jaji Stephen Douglas, yule aliyekuja kuwa mpinzani mkubwa wa Lincoln, akamtoza faini ya dola 400. Daktari alikata rufaa na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1852 iliunga mkono adhabu ile. Wakati huo daktari mwenyewe alikwishafariki.

Kisa cha tatu ndicho kinachoumiza zaidi. Mwaka 1847 mtumwa mtoro alijificha kwenye kisiwa kilicho upande wa Illinois, karibu na Hannibal. Aligunduliwa na Bence Blankenship, kijana wa familia maskini kuliko zote mjini. Mdogo wake, Tom Blankenship, ndiye Twain alisema kuwa alimtumia kumchora Huck. Kulikuwa na zawadi ya dola 50, fedha nyingi kwa nyumba isiyo na kitu. Bence hakumtaja. Alimpelekea chakula kwa siri kwa wiki kadhaa. Mwishowe wakata kuni wakamwona yule mtoro, wakamfukuza, akazama majini. Siku chache baadaye Sam Clemens na wenzake walikuwa wakivinjari kisiwani, na maiti ikaibuka mbele yao. Mvulana huyo alikuwa na miaka 11 hivi.

Huyo ndiye Jim aliyevuka mto.

Kwetu Afrika Mashariki neno mtoro tunalitumia kwa mwanafunzi anayekwepa shule, lakini kwenye historia ya pwani lina uzito mwingine kabisa. Watoro walikuwa watumwa waliokimbia mabwana zao, na wengi walikimbilia vituo vya wamisionari vya Freretown na Rabai karibu na Mombasa, wakiamini wakishafika wamekuwa huru. Mabwana wakaja juu, wakadai mali yao. Suala lile lilimalizwa mwishoni mwa 1888, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipokubali kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 wakaanza kupewa hati zao. Angalia mpangilio wenyewe: kufika hakukutosha. Mpaka bwana alipwe, mpaka karatasi itolewe. Na utumwa wenyewe kwenye pwani ya Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Kwa hiyo habari ya Illinois isitushangaze kama vile ni ya sayari nyingine.

Turudi mtoni. Wengine watauliza, kama Missouri ndiko alikozoea, kwa nini Jim aliogopa sana kuuzwa kusini? Mtumwa si mtumwa tu? Hapana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miss Watson alikuwa ameahidi hatamuuza, lakini dalali wa watumwa akaja na bei ya dola 800 kwa soko la New Orleans, na mama yule, mcha Mungu wa sala asubuhi na jioni, akaanza kulegea. Jim alisikia mlangoni. Hakusubiri.

Nyuma ya hizo dola 800 kulikuwa na pamba. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1860, watu weusi wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya juu kwenda mashamba ya pamba na miwa ya kusini, wengi wao kwa kuuzwa. Mississippi ilikuwa mojawapo ya barabara za biashara hiyo. Kazi ilikuwa ya kuua, na aliyepelekwa huko kwa kawaida hakuonana tena na jamaa zake. Mpaka leo Mwingereza au Mmarekani akitaka kusema mtu amesalitiwa kabisa na aliyemwamini, husema ameuzwa chini ya mto. Ni msemo wa kila siku kwao. Wachache wanakumbuka ulikuwa unazungumzia mto upi na watu gani.

Baada ya kipindi cha hadithi mambo yalizidi kuwa mabaya. Sheria mpya ya watumwa watoro ya 1850 ilimtoza anayemsaidia mtoro faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Afisa aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia. Nimeisoma mara mbili nihakikishe! Kisha mwaka 1857 ikaja hukumu ya Dred Scott. Huyu alikuwa mtumwa wa Missouri aliyechukuliwa na bwana wake, daktari wa jeshi, kwenda kuishi Illinois na baadaye eneo jingine huru la kaskazini. Waliporudi Missouri alidai kwamba kule kumemfanya huru. Alifungua kesi mwaka 1846 huko St. Louis, na miaka 11 baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikamjibu, majaji saba dhidi ya wawili, kwamba mtu mweusi si raia na hana haki ya kushtaki katika mahakama ya shirikisho. Kukanyaga ardhi huru hakukumfanya huru. Wamiliki wapya walimpa uhuru yeye na familia yake mwezi Mei mwaka huo huo, na mwaka uliofuata akafariki.

Sasa tufike kwenye mwisho wa kitabu, mahali ambapo wasomaji wamegombana kwa zaidi ya miaka 130. Katika ukungu Huck na Jim wanaipita Cairo bila kujua. Mto unawapeleka kusini. Tapeli mmoja anamuuza Jim kwa dola 40, na anafungiwa kwenye banda shambani kwa akina Phelps. Rafiki yake Huck, Tom Sawyer, anatokea, na badala ya kumfungulia Jim mlango anabuni mchezo mrefu wa kumtorosha kama kwenye riwaya za wafungwa wa Ulaya, na panya na buibui na barua za damu. Jim anateseka wiki kadhaa kwa ajili ya mchezo. Mwishoni inajulikana kwamba Miss Watson alikufa miezi miwili kabla, na kwenye wasia wake alimwacha Jim huru. Tom alijua tangu mwanzo! Anampa Jim dola 40 kwa uvumilivu wake, Jim anafurahi, na hadithi inaisha.

Wengi husema Twain alichoka akaharibu mwisho. Inawezekana. Lakini usome kwa macho ya sheria. Jim amekuwa huru kwa karatasi iliyoandikwa maili mamia kaskazini, asiyoijua, na ambayo isingemfaa kitu kama shangazi wa Tom asingefika kuthibitisha maneno ya mtoto. Shamba la Phelps, Twain mwenyewe alieleza baadaye, ni shamba la mjomba wake wa Missouri alilolihamishia Arkansas kwa ajili ya kitabu. Arkansas ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1843 kuwazuia weusi huru kuhamia humo. Hata akirudi Missouri, mweusi huru alihitaji kibali cha mahakama ya kaunti ili akae. Na dola 40? Ndizo zile zile alizouziwa. Ni sehemu moja ya ishirini ya bei yake ya New Orleans.

Kuna jambo kubwa zaidi, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Jim ana mke. Ana watoto wawili. Wote ni watumwa, na mabwana wao ni wengine. Wakiwa kwenye chelezo, wakidhani Cairo imekaribia, Jim anamweleza Huck mpango wake: atafanya kazi, hatatumia hata senti, atamnunua mkewe, kisha wawili hao watafanya kazi wawanunue watoto, na bwana akikataa kuuza, watatafuta mpinga utumwa awaibe. Sehemu nyingine analia usiku akimkumbuka binti yake mdogo aliyempiga bila kujua kwamba homa ilimwacha kiziwi. Kwa sheria ya Marekani mtoto alifuata hali ya mama yake. Uhuru wa Jim haukuwahusu hata kidogo. Nilirudi kwenye kurasa za mwisho kutafuta habari zao. Hakuna. Tom anapanga safari nyingine, Huck anapanga kukimbilia magharibi, na mke wa Jim na watoto wake wamesahaulika, kana kwamba hawakutajwa.

Mimi ni mtu wa magazeti, kwa hiyo nikaenda kwenye magazeti. Sam Clemens alianza kazi akiwa mvulana, akipanga herufi kwenye viwanda vya uchapaji vya Hannibal. Magazeti ya majimbo ya utumwa yaliingiza fedha kwa matangazo ya watoro: jina, umri, kovu liko wapi, zawadi ni kiasi gani. Juu ya tangazo huwekwa picha ndogo ya mtu anayetembea na furushi kwenye fimbo begani. Picha hiyo ilikuwa kibao cha kudumu. Mtoro yeyote, picha ile ile. Kwenye kitabu tapeli mmoja anachapa karatasi ya namna hiyo ya kumtangaza Jim, na furushi na fimbo vimo. Mchapaji wa zamani hakusahau.

Twain aliandika kitabu hiki kwa vipande kati ya 1876 na 1883. Utumwa ulikwisha kukomeshwa. Missouri Januari 1865, na nchi nzima kwa marekebisho ya katiba Desemba mwaka huo. Na miaka ile ile akiandika, magazeti yalikuwa yanachapisha matangazo ya aina nyingine. Gazeti la Kimethodisti la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu ya watu waliopoteana. Waliokuwa watumwa waliandika kutafuta mama, mume, mtoto. Walitaja bwana wa zamani aliitwa nani, nani aliuzwa kwa nani, mara ya mwisho walionana wapi. Waliolipia gazeti walitangaziwa bure, wengine walilipa senti 50. Wachungaji waliombwa wasome matangazo hayo mimbarani. Watu walikuwa bado wanatafutana miaka 20, 30 baada ya vita.

Yaani akina Jim wa kweli walikuwepo, hai, siku zile Twain akiwa mezani kwake. Nao hawakufurahia dola 40 na kunyamaza. Walikuwa wanaandika barua kwa mhariri wakiuliza: mke wangu yuko wapi?

Mwaka 2024 mwandishi Mmarekani mweusi, Percival Everett, alitoa riwaya iitwayo James, inayosimulia kisa hiki kwa mdomo wa Jim mwenyewe. Ilipata tuzo ya taifa ya vitabu mwaka huo, na Pulitzer mwaka 2025. Sitawamalizia utamu. Nitasema tu kwamba humo mke ana jina, Sadie, na binti ni Lizzie, na wao ndio sababu ya safari. Pengo alilojaza ni lile lile, miaka 140 baadaye.

Kuna wanaotaka kitabu cha Twain kiondolewe mashuleni, hasa kwa sababu tusi la Wazungu kwa watu weusi linatokea humo zaidi ya mara 200. Maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikikataa mwaka 1885 kwa sababu nyingine kabisa: waliona kina adabu mbovu. Mwaka 2011 ikatoka nakala iliyobadilisha tusi lile kuwa neno mtumwa. Maoni yangu: kisomwe, na tusi lake lionekane lilivyo, lakini kisisomwe peke yake. Mwalimu anayekifundisha aweke kando yake ukurasa mmoja wa sheria za Illinois na ukurasa mmoja wa matangazo ya waliopoteana. Kurasa mbili tu. Mwanafunzi atacheka panapochekesha, maana Twain ni bingwa wa hilo, lakini hatamcheka Jim kwa kutojua kusoma ramani.

Maana Jim aliijua njia. Kilichokuwa kimefungwa ni upande wa pili. Na wewe msomaji ukikutana siku nyingine na mtu anayeuliza kwa nini watu fulani, mahali fulani, hawakuondoka tu, hawakuvuka tu, hawakukimbia tu, kabla hujajibu muulize kwanza: huko ng'ambo walikuwa wanadaiwa karatasi gani? Na nyuma yao walikuwa wamemwacha nani?